Je, Wajua? Nywele za dawa haziponi, ila zinatunzika

Unywele ukishatoka kichwani hauna uhai. Chenye uhai ni mzizi tu, ulio ndani ya ngozi. Ndiyo maana sehemu iliyopakwa dawa hairudi kujisokota, hata uipake nini. Dawa nyingi za kulainisha nywele zina sodiamu haidroksaidi, kemikali kali yenye pH ya 12 hadi 14, inayovunja vifungo vya salfa vinavyoupa unywele msokoto na nguvu.

Mbona basi wapo wenye nywele za dawa nene, zinazong'aa? Wamezilinda. Nywele hurefuka takriban sentimita 1 kwa mwezi, na fundi makini hupaka dawa kwenye ukuaji mpya peke yake, baada ya wiki 8 au zaidi. Kurudia dawa kwenye sehemu ya zamani ndiko kunakozikata. Saluni inayokupaka kichwa kizima kila mara inakuharibia nywele.

Tazama pia povu unapooshwa. Baadhi ya shampuu za kuondoa dawa hutoa povu la waridi dawa ikiwa bado imebaki. Uoshwe mpaka liwe jeupe. Nyumbani, mafuta ya nazi yakipakwa kabla ya kuosha hupenya ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini. Ncha zilizopasuka haziungwi na mafuta yoyote, zikatwe.

Na dawa ikianza kuchoma, usivumilie eti ndiyo inashika. Sema ioshwe papo hapo.