Rangi ya Nywele Ikishika Ngozi

Mvi zikianza kuchungulia, wengi hununua rangi nyeusi dukani na kuipaka wenyewe nyumbani, mara nyingi Jumamosi jioni. Nywele hutoka vizuri, lakini paji la uso, masikio na shingo vimepigwa mstari mweusi kama masizi ya chungu. Hapo ndipo hasara inapoanza, maana mtu hukimbilia jiki, mafuta ya taa, waya wa kusugulia sufuria, hata msasa. Msomaji mpenzi, usivishike vitu hivyo kabla ya kusoma habari hii.

Kwanza tulifahamu doa lenyewe. Si uchafu uliokaa juu ya ngozi. Chembe za rangi, kabla ya kukolea, ni ndogo sana, nazo hupenya ndani ya unywele. Zikikutana na dawa ya pili mnayochanganya, huungana, zikawa kubwa na nyeusi, wala haziwezi kutoka tena. Basi unywele umejengwa kwa keratini, na tabaka la juu la ngozi vilevile. Ndiyo maana rangi hushika kote kuwili. Lakini tabaka hilo la ngozi limekwisha kufa, nalo hupukutika kila siku. Hata usipofanya lolote ila kuoga, doa litafifia kwa siku chache, na likikawia ni kama wiki mbili.

Dawa iliyo bora ni haraka. Rangi huendelea kukolea kwa muda wa nusu saa hivi, kwa hiyo tone likianguka ngozini lifute papo hapo kwa kitambaa chenye maji na sabuni. Na kabla hujafungua pakiti, jipake mafuta mazito ya mgando kwenye paji la uso, nyuma ya masikio na shingoni. Usiyafikishe kwenye nywele, kwani hazitashika rangi vema. Mikononi vaa glavu.

Doa likiwa limekwisha kukauka, paka mafuta ya nazi au ya kupikia, uyaache kwa dakika 10 hivi, kisha sugua polepole kwa kitambaa laini na kuosha kwa sabuni ya kuogea na maji ya vuguvugu. Rudia kesho yake. Usitazamie muujiza mara ya kwanza. Viganjani, ambako ngozi ni nene, waweza kutumia dawa ya meno kidogo, au pamba yenye spiriti, ukiwa mbali na moto. Halafu nawa na ujipake mafuta. Usoni sishauri spiriti, na karibu na macho ni mwiko.

Jiki huunguza ngozi. Tena rangi nyingi zina amonia, na viwili hivyo vikikutana hutoa hewa ya sumu. Waya na msasa huchuna: doa laondoka, kidonda chabaki, na kovu la kidonda huweza kudumu mahali ambapo weusi ungeondoka wenyewe.

Sasa lile lililo kubwa zaidi. Doa haliwashi wala haliumi. Ukiona pamevimba, panawasha au pametoka malengelenge, hilo si doa tena, bali ngozi imeikataa dawa iliyomo katika rangi nyingi nyeusi, iitwayo parafenilinidiamini. Pakiti nyingine huandika PPD tu. Huweza kutokea baada ya saa chache, au hata siku 2 au 3. Osha rangi yote kwa maji mengi na uende zahanati. Uso ukivimba au pumzi ikibana, nenda hospitali saa ile ile, usingoje kuche.

Akina mama wa pwani wanaijua piko, ambayo maharusi huchorwa mikononi na miguuni. Hina halisi huacha wekundu wa kahawia, nayo hutaka saa kadhaa. Mchoro uliokuwa mweusi tii kwa muda mfupi ni wa rangi ya nywele. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria hairuhusu PPD kupakwa ngozini, na hata kichwani isizidi sehemu 2 katika 100. Bibi aliyewahi kutoka malengelenge kwa piko asipake rangi yenye PPD hata kwenye nywele, kwani mwili hausahau, na mara ya pili huweza kuwa mbaya kuliko ya kwanza. Asiyejua hali yake apake tone dogo nyuma ya sikio, angoje saa 48.

Kucha ndizo huchelewa kuliko ngozi. Hukua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo zikate kidogo kidogo mpaka weusi ufike nchani.