Kulitambua na Kulifufua Gari Kuukuu la Jeshi

Pikapu kuukuu aina ya Land Rover yenye rangi ya kijani ikifikishwa gereji huko Mkolani, kando ya barabara iendayo Shinyanga, mara husemwa kuwa ni ya jeshi. Je, rangi ni ushahidi wa kutosha? La. Katika Vita vya Kagera vya 1978–1979 hata magari ya kiraia yalitumika, na rangi hupakwa na yeyote.

Soma kwanza namba ya chesisi, kisha ukwangue pembe moja kidogo: ikiwa tabaka la chini kabisa si kijani, basi kijani kilikuja baadaye. Tazama pia umeme. Magari ya jeshi yaliyoundwa kubeba redio yalitumia volti 24. Ya kiraia, volti 12.

Sasa twaa sumaku. Hunata kwenye chesisi, lakini hainati kwenye sehemu kubwa ya bodi. Mwaka 1948 chuma kilikuwa adimu Uingereza, hivyo bodi ikaundwa kwa aloi ya alumini. Metali hizi mbili zikigusana penye unyevu huwa mfano wa betri ndogo: alumini hupoteza elektroni, huliwa, na kuacha unga mweupe. Kwa hiyo kiraka cha chuma kisichotengwa na alumini kwa rangi au mpira huongeza maradhi badala ya kuyaponya.

Basi fundi asikimbilie msasa. Tabaka likishaondolewa lote, historia ya gari hairudi tena.