WAKIKWAMBIA "BOMBA", USIUZE MTAMBA!

KUNA neno moja limemaliza vipaji vya vijana wengi kuliko gongo. Neno lenyewe ni "bomba". Unarekodi wimbo wako chumbani, dirisha umeziba kwa blanketi, unamwita mshikaji asikilize. Anatikisa kichwa mara mbili tatu, anakurudishia simu yako, anasema, "Bomba, mwanangu!" Kesho yake unaanza kusaka hela ya studio kubwa na video. Keshokutwa kuna mali ya watu inauzwa.

Msomaji wangu, leo tuliongelee hilo. Ukishapika wimbo nyumbani, tena kwa vinanda vya kizamani, utajuaje kama umeiva au bado mbichi? Umuulize nani, na umuulize nini? Mimi elimu hii nimeipata kwa miguu na kwa nauli, kati ya wilaya za Tarime na Serengeti, nikimsindikiza binamu yangu mwenye wimbo wake. Na wimbo wenyewe ulikuwa umefungiwa ng'ombe kwa nyuma.

VINANDA VIWILI NA MTAMBA MMOJA

Binamu anaishi Tarime. Ana vinanda viwili, vyote vikongwe. Cha kwanza ni Casio ndogo ya vitufe vyembamba, aliinunua mnadani. Inakula betri kubwa za tochi, ina spika yake na mapigo yake ya ngoma humo humo ndani. Umeme ukikatika, yeye anaendelea kupiga tu.

Cha pili ni Yamaha DX7, kwaya moja iliiacha baada ya kupata kinanda kipya. Hiyo ni sinthesaiza iliyotoka mwaka 1983, ikasambaa duniani kote, na bendi za Afrika nazo zikaipokea kwa mikono miwili. Haina spika wala ngoma ndani. Sauti yake haitokani na waya wala nyundo kama piano. Wimbi moja la umeme linalitikisa wimbi jingine, ndipo unapata ule mlio wa kengele unaomeremeta. Ndani yake kuna kibetri kidogo cha kutunzia kumbukumbu. Kikifa, sauti alizohifadhi mwenyewe zinapotea. Binamu alikuta kimekufa, akaweka kingine, akazirudisha sauti kutoka kwenye kompyuta. Kijana ana kichwa, hilo silikatai.

Wimbo wake unamhusu kijana wa Tarime na msichana wa Mugumu, Mto Mara ukiwa katikati yao. Ndani kuna Casio, kuna DX7, na kuna ritungu, lile zeze letu la nyuzi nane la Wakurya, lililopigwa na jirani yake. Alirekodi usiku, mashine ya kusaga ikiwa imezimwa na mvua imeacha kupiga bati.

Rafiki zake wakasema bomba. Naye akaamini. Akamfuata baba yake, yaani mjomba wangu, akaomba mtamba auzwe apeleke wimbo studio Mwanza na kupiga video.

Kasheshe! Mtamba huyo mjomba alimtunza kwa ajili ya ada ya binti yake, anayetaka kusoma uuguzi. Mzee hakufoka. Aliniita mimi.

"Mjomba, wewe ndiye unayeandika magazetini. Zunguka naye. Mkinipatia watu watatu wasiotujua, wakausifu huo wimbo bila kununuliwa soda, nitafikiria."

KWA NINI "BOMBA" HAITOSHI

Sisi tumelelewa kwa adabu. Mtu aliyekula ugali kwenu hawezi kukwambia wimbo wako unachosha. Halafu rafiki hasikilizi wimbo, anakusikiliza wewe. Anakumbuka ulivyohangaika, ulivyokesha, ulivyonunua betri kwa mkopo. Mgeni hana habari na mateso yako. Yeye anataka kusikia kitu kizuri tu, basi.

Kwa hiyo tulikubaliana sheria mbili. Kwanza, hatusemi wimbo ni wa nani. Pili, hatuulizi "mnaonaje?", maana swali hilo jibu lake linajulikana. Tunaangalia watu wanafanya nini kwanza, maneno baadaye.

Kituo cha kwanza kilikuwa kwa kinyozi mmoja mjini Tarime. Pale muziki hauzimwi kuanzia asubuhi. Tukampa flashi yenye nyimbo kumi, ya binamu ikiwa ya sita, tukakaa kwenye benchi kama wateja. Ya kwanza mpaka ya tano zilikwenda vizuri. Ya sita ilipoingia, kinanda kikaanza kulia peke yake taratibu, kikalia, kikalia... Kinyozi akanyoosha mkono, akaruka kwenda ya saba. Hakuuliza mtu, na wala hakukunja uso.

Binamu aliangalia chini. Mimi nikaangalia saa. Utangulizi ulikuwa unakaribia dakika nzima kabla mtu hajaimba neno! Kwa mpigaji, dakika hiyo ni tamu kwa sababu anaujua mlio ule alivyoutafuta. Kwa mtu anayenyolewa, ni dakika ya kusubiri basi.

MZEE WA RITUNGU

Kituo cha pili tulipanda kijijini kwa mzee mmoja anayepiga ritungu tangu ujana wake. Tukaamkia, tukakaribishwa viti, tukamwekea wimbo kwenye simu. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amefumba macho. Kisha akasema:

"Mura, hapa kuna watu wawili wanagombana. Yule wa nyuzi na yule wa umeme. Kila mmoja anaimba kwake."

Mzee alikuwa ameligusa donda lenyewe. Kinanda cha kiwandani kimepimwa: kutoka sauti moja hadi mwenzake wa juu kuna hatua kumi na mbili zilizo sawa, na hazisogei. Ritungu halijapimwa hivyo. Mpigaji anakaza nyuzi kwa sikio lake, zifuate koo la mwimbaji. Ukizilaza sauti hizo mbili pamoja, zinasuguana. Sikio la kijana halijali sana, lakini sikio la mzee linaumia.

Dawa yake haikuhitaji mtamba. DX7 ina mahali pa kushusha au kupandisha sauti yote kidogo kidogo. Binamu aliishusha mpaka ikakaribiana na uzi mnene wa ritungu. Lakini hatua zile kumi na mbili zilibaki sawa kama zilivyo, kwa hiyo noti zilizokuwa zinagombana akazifuta. Kinanda kikabaki na besi na vile vikengele vya mwisho wa mstari tu. Katikati akaliachia ritungu.

KUVUKA MTO KWENDA MUGUMU

Kwa kuwa msichana wa kwenye wimbo anatoka Serengeti, tukaona si haki kuwauliza watu wa Tarime peke yao. Tukapanda gari kupitia Nyamongo, tukavuka Mto Mara, hao Mugumu.

Pale tulimkuta DJ wa harusi mwenye masabufa makubwa. Alipoupiga wimbo, besi ikafunika kila kitu, ukuta unatetemeka lakini maneno hayasikiki. Binamu akashangaa, maana nyumbani alisikia vizuri kabisa. DJ akacheka, akamuuliza alipimia wapi. Alipimia kwenye simu!

Msomaji, hapo wengi tunakwama. Kispika cha simu hakina uwezo wa kutoa besi nzito. Wewe unadhani besi haipo, unaiongeza. Ukifika kwenye sabufa, mzigo wote unamwagika. Pimia kwenye simu, pimia kwenye redio ya gari, pimia kwenye sabufa ya jirani. Halafu weka kando wimbo wa msanii unayemkubali, uusikilize pamoja na wako kwa sauti iliyo sawa. Nasema sawa, kwa sababu sikio la binadamu ni rahisi kudanganywa: kinachopigwa kwa nguvu zaidi ndicho linachokiona kizuri.

DJ huyo huyo alishauri pia mapigo yaongezwe mara mbili wimbo uwe singeli. Na kijana mwingine anayetengeneza biti pale mjini akasema tuitupe ile Casio, tuweke sauti za kisasa. Tuliyaandika yote kwenye daftari.

Mchana tukaingia kwa mama lishe. Simu ilikuwa inapiga mezani, yeye anapakua wali. Akasimama na mwiko mkononi.

"Wanangu, hako kamlio ka mwisho ni katamu. Lakini huyo binti mnamsema weee, yeye mwenyewe hana mdomo?"

Kha! Tulitazamana. Wimbo mzima kijana analia, mto umejaa, msichana yuko ng'ambo kama kisiki. Hakuna aliyewahi kulisema hilo, kuanzia washkaji hadi DJ. Mama hajui DX7 ni nini, lakini alisikia kilichokosekana.

USIIONEE AIBU CASIO

Kuhusu kuitupa Casio, nilimkatalia binamu, na sababu ninazo. Casio walianza kuuza vinanda vya umeme mwaka 1980, vikawa rahisi kuliko vya wenzao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijana wa uswahilini Dar es Salaam wakavichukua, wakaviunga kwenye amplifaya za kuchonga wenyewe na spika za honi, wakaongeza ngoma. Ukazaliwa mchiriku. Jagwa Music walianza mwaka 1992 kwa mtindo huo huo, na mwaka 2012 albamu yao ya Bongo Hotheads ikatolewa na kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji. Mlio uleule ambao watu wazima waliuita makelele ulitua Ulaya.

Mchiriku nao ni mmoja wa wazazi wa singeli, yenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, kazi ya studio ndogo ndogo za mitaani Dar. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala walitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, nayo ikazunguka dunia.

Hao wote hawakungoja kusifiwa na mtu mwenye ofisi. Hakimu wao alikuwa uwanja wa ngoma usiku. Ukipiga ovyo, watu wanakaa. Ukipiga sawasawa, vumbi linapanda. Hayo ndiyo maoni yasiyo na adabu ya uongo. Casio kuwa kuukuu si kosa. Ukiipenda wewe tu, na msikilizaji ukamsahau, hapo ndipo tatizo.

YAPI YA KUSHIKA, YAPI YA KUACHA

Tulirudi Tarime na daftari limejaa. Ukifuata kila neno utabaki na wimbo wa kila mtu usio wa mtu. Sisi tulichuja hivi. Jambo likisemwa na mtu mmoja, ni ladha yake. Liheshimu, liweke pembeni. Likisemwa na watu watatu wasiojuana, hapo kuna shimo, lifukie. Wanne walichoka kwenye utangulizi: ukakatwa. Wawili walilalamikia besi na masikio yetu yakakubali: ikapunguzwa. Singeli ilitakwa na DJ peke yake: ikaachwa. Kamlio ka Casio kalikataliwa na mmoja, lakini mama lishe na mzee wa ritungu walikataja bila kuulizwa: kakabaki. Na lile la binti asiye na mdomo, ingawa lilisemwa na mtu mmoja, lilikuwa kweli tupu. Dada yake binamu, huyohuyo wa uuguzi, ndiye aliyeimba ubeti wa msichana, maiki ikiwa chini ya blanketi.

Maswali ya kuuliza ni matatu tu. Ulichokea wapi? Umebaki na kipande gani kichwani? Ukiachiwa simu, ungeurudia? Hakuna anayeweza kuyajibu kwa "bomba".

Toleo la tatu tulilirudisha kwa kinyozi kwa flashi ileile, likiwa la sita vilevile. Safari hii mkono wake haukwenda kwenye redio. Mteja mmoja aliuliza ni nani huyo dada anayeimba. Mjomba tulimpigia jioni. Akasikiliza, akasema, "Rudia." Ulipokwisha mara ya pili akauliza umekula shilingi ngapi. Binamu akajibu ukweli: betri, nauli na wali wa Mugumu.

"Basi kumbe ng'ombe hakuhitajika," mzee akasema, akaenda zizini.

Mtamba yupo, ada ya chuo iko salama, na binamu anapika wimbo wa pili. Hao watu watatu wa mjomba tulishawapata, lakini hakuna aliyekumbuka tena kumdai. Wewe kijana wa Sirari, Nyamwaga au Mugumu mwenye Casio uvunguni, itoe, ipanguse vumbi, rekodi. Kisha mpelekee mtu asiyekujua, ukae kimya, uangalie mkono wake.

Wiki ijayo nitawaletea habari za wanaokodi suti za harusi na kuzirudisha na madoa ya pilau. Kaeni mkao wa kula!