'Art' si sanaa tu: Neno fupi la Kiingereza linalowachanganya wengi

Andika "art" kwenye programu ya kutafsiri ya simu yako, jibu litakuja "sanaa". Si kosa. Shida ni kwamba neno hilohilo liko kwenye cheti cha mwalimu wa historia, kwenye maombi ya hataza ya mvumbuzi na kwenye karatasi za kliniki, na kote huko hakuna mchoro wala muziki.

Asili yake ni Kilatini, "ars", yaani ufundi au ustadi ambao mtu amejifunza. Lilipitia Kifaransa cha zamani na kuingia Kiingereza karne ya 13. Kwa miaka mingi tabibu, seremala na nahodha wote walikuwa na "art" yao.

London inaonyesha vizuri neno lilivyogeuka. Mwaka 1754 ilianzishwa jumuiya ya kuhamasisha "arts", viwanda na biashara. Ilitoa zawadi kwa watu waliopanda miti na waliobuni mashine. Miaka 14 baadaye, 1768, ikaanzishwa Royal Academy of Arts, na hiyo ilikuwa ya wachoraji, wachongaji na wasanifu majengo. Jiji moja, neno moja, maana mbili.

Maana ya pili ndiyo iliyoshinda mtaani. Ile ya kwanza haikufa, ilijificha kwenye misemo.

"Martial arts" ni ufundi wa kupigana. Kitabu cha Sun Tzu kinachoitwa The Art of War kinafundisha mbinu za vita, na kile cha Donald Trump cha 1987, The Art of the Deal, kinahusu namna ya kupiga dili. Hospitali ikitangaza mashine "state of the art", inamaanisha mashine ya kisasa kabisa. Ukitafsiri neno kwa neno utapata "hali ya sanaa", na hapo hakuna atakayekuelewa.

Amesoma arts, lakini hachori

Vyuo vikuu vya Ulaya vya zamani vilifundisha "arts" saba: sarufi, balagha, mantiki, hesabu, jiometri, muziki na elimu ya nyota. Ndiyo, hesabu ilikuwemo. Kutoka huko ndiko lilikotoka jina la shahada ya Bachelor of Arts, au BA.

Leo BA inaweza kuwa ya historia, lugha, sosholojia, hata uchumi. Chuo Kikuu cha Cambridge mpaka sasa humpa BA hata aliyesoma fizikia kwa miaka mitatu. Tanzania mwanafunzi wa HKL husema tu "nasoma arts", na wenzake wanamwelewa. Kazi inaanza pale cheti kinapotafsiriwa kuwa "Shahada ya Sanaa". Mzazi kijijini anaweza kabisa kuuliza kama ada yote ile ilikuwa ya kujifunza ngoma.

Video ya TikTok inayoweza kukugharimu

Kwenye sheria za uvumbuzi kuna msemo "prior art". Maana yake ni kila kitu ambacho tayari kilikuwa wazi kwa watu kabla hujaomba hataza, iwe bidhaa, makala, au hata video. Kama ubunifu wako umo humo, si mpya tena.

Kijana aliyetengeneza mashine ya kukoboa mahindi na kuirusha TikTok kabla ya kuomba hataza anaweza kujikuta video yake mwenyewe inatumika dhidi yake. Nchi zinatofautiana. Marekani humpa mvumbuzi mwaka mmoja baada ya kuonyesha kazi yake hadharani; Ulaya ni wakali zaidi. Msemo wenye uzito kiasi hiki ukiupita ukidhani unahusu michoro ya zamani, hasara ni yako.

ART kwa herufi kubwa

Hospitalini ART ni kifupisho, tena chenye maana mbili. Ya kwanza ni tiba ya dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, zile ambazo wengi huziita ARV. Ya pili ni teknolojia ya kusaidia kupata ujauzito, kama vile kurutubisha yai nje ya mwili.

Hapa mkanganyiko si wa kuchekesha. Wanandoa wanaotafuta mtoto wakiambiwa waulizie ART, wakarudi nyumbani na kutafuta herufi hizo mtandaoni, wanaweza kukutana na kurasa za VVU na kupata mshtuko bure. Tofauti ni kliniki gani imeandika, na ni rahisi kumuuliza mhudumu.

Kuna pia "art" ya Kiingereza cha zamani, ile ya Shakespeare na ya Biblia ya King James ya 1611. Hiyo haina undugu na ufundi. Ni kitenzi, sawa na "u" ya "wewe u nani".

Na usanii je?

Kiingereza kina neno "artful", yaani mjanja. Katika Oliver Twist, Charles Dickens alimpa jina hilo kijana mchomoaji wa mifukoni. "Con artist" naye ni tapeli. Kiswahili cha mtaani kimefika palepale bila kufundishwa na mtu: ukimwambia mtu "acha usanii", humzungumzii Bongo Fleva.

Kwani "sanaa" yenyewe imetoka Kiarabu, ambako ndugu yake, "sinaa", leo ina maana ya viwanda. Waarabu wakitaka kusema sanaa hutumia "fann". Na hilo nalo tulilichukua, likawa "fani". Muulize mhasibu fani yake ni ipi, atakujibu uhasibu.