Ni neno gani mkora analirudia?

Meseji ya mkora huwa na haraka. Chukua hii, tumeitunga wenyewe: "Pesa imeingia kimakosa. Rudisha pesa. RUDISHA sasa." Kama umeanza kujifunza Python, hebu tuhesabu maneno yake.

Python ina kitu kinachoitwa kamusi. Kifikirie kama daftari la deni pale dukani: huku jina la mteja, kule deni lake. Hapa neno linakaa mahali pa jina, idadi mahali pa deni.

ujumbe = "Pesa imeingia kimakosa. Rudisha pesa. RUDISHA sasa."
hesabu = {}
for neno in ujumbe.split():
    hesabu[neno] = hesabu.get(neno, 0) + 1
print(hesabu)

Hiyo get inauliza: neno hili limeshaandikwa? Kama bado, linaanzia 0, halafu linaongezewa 1.

Ukiijaribu, kila neno linapata 1. Mbona? Kwa kompyuta, "Rudisha" na "RUDISHA" ni wateja wawili tofauti, na "pesa." yenye nukta si "Pesa". Badilisha iwe ujumbe.lower().replace(".", "").split(), na sasa pesa ni 2, rudisha ni 2.

Lakini usiiachie programu hii iamue. Meseji halali pia hutaja pesa, na mkora akiandika "nirudishie", kamusi italihesabu kama neno jipya kabisa. Wewe angalia salio. Kama halijaongezeka, hakuna pesa iliyoingia. Na kama imeingia kweli, usitume mwenyewe. Aliyekosea aombe irudishwe kupitia huduma kwa wateja.