Je, Wajua? Gari la Kale Huharibika Upesi, Hutengenezeka Upesi

Peugeot 504, iliyoshinda mbio za magari za Safari mwaka 1975 na 1978, haina kompyuta ya kuongoza injini. Ndiyo maana fundi huitambua hitilafu yake kwa sikio, kwa pua na kwa rangi ya plagi: ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, huenda petroli imezidi hewa, na mara nyingi kabureta hurekebishwa kwa bisibisi tu.

Wapo watakaosema vipuri vimeadimika. Ni kweli, lakini kuadimika si kukosekana. Bushi iliyolika hukerezwa upya, gasketi hukatwa kwa mkasi, na pale Kariobangi Light Industries, Eastlands jijini Nairobi, mafundi huyeyusha alumini chakavu na kuimimina kwenye kalibu. Pingamizi lenye uzito zaidi ni usalama: kipuri cha kuchongwa hakifai kila mahali, na breki na usukani havitaki kubahatisha. Hata hivyo, ubora wa gari la kale hauko katika kutoharibika, bali katika kutengenezeka, mradi mwenyewe asingoje limzimikie Jogoo Road. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.