Kompyuta Iliyozimwa Bila Kuzimika

Mtu amemaliza kazi zake usiku, amebofya Shut down, skrini ikawa giza, akalala. Asubuhi anaiwasha kompyuta na tatizo la jana liko palepale: printa haionekani, sauti imekatika, Wi-Fi inasuasua. Ataapa kwamba aliizima. Ni kweli aliizima, ila si yote.

Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, Microsoft ilileta utaratibu wa kuwaka haraka, na mpaka leo kompyuta nyingi hufika dukani ukiwa tayari unafanya kazi. Mtumiaji anapozima, programu zake hufungwa, lakini kiini cha mfumo hunakiliwa kwenye diski pamoja na viendeshi, yaani programu zinazouwezesha mfumo kuwasiliana na printa au spika. Asubuhi vyote hurejeshwa jinsi vilivyokuwa, pamoja na kasoro zake. Restart haipiti njia hiyo ya mkato. Huanza kila kitu mwanzo. Kwa hiyo, ingawa wengi hudhani kinyume, kwenye kompyuta hizi Restart ni dawa kali kuliko kuzima na kuwasha.

Dawa hiyo inaponyaje? Programu huazima nafasi kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na kutakiwa kuirudisha ikimaliza. Iliyoandikwa vibaya hairudishi. Nafasi huzidi kupungua, mashine ikawa nzito, mwishowe ikaganda. Kuanza upya hufuta madeni hayo yote kwa mara moja.

Kuna kasoro nyingine zinazosubiri muda tu. Windows 95 na 98 zilihesabu milisekunde tangu kompyuta ilipowaka, kwa namba ya biti 32. Hesabu hiyo hujaa baada ya milisekunde 4,294,967,296, kama siku 49.7 hivi. Ilipojaa ilirudi sifuri, na kompyuta iliweza kukwama hata kama hakuna aliyeigusa.

Restart haitibu diski inayokufa, wala haiondoi kirusi. Tatizo likirudi kila mara, andika namba ya kosa inayotokea kwenye skrini kabla ya kufuta chochote, fundi ataihitaji.

Ukitaka kujua kompyuta yako imekaa muda gani bila kuanza upya, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua Performance, kisha CPU, usome Up time. Ukikuta siku kumi na wewe huizima kila usiku, hifadhi kazi zako, kisha bofya Restart.